Kupima Ukinzani wa Hewa kwenye Baiskeli: Mwongozo Kamili kwa Waendeshaji wa Unguja na Pemba

Kwa muda sasa waendeshaji wenzangu wamekuwa wakiniletea madaftari yenye namba zinazogongana. Mmoja amepima helmeti mpya akapata nafuu ya asilimia 8. Wiki iliyofuata ameipima helmeti ile ile, kwenye barabara ile ile, akapata hasara ya asilimia 3. Helmeti haikubadilika, na hesabu zake nilizipitia mstari kwa mstari nikaziona ziko sawa. Alichokipima mara zote mbili ni upepo wa asubuhi husika, kisha akaupa jina la helmeti.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima mkao, nguo, helmeti au magurudumu kwa vifaa vinavyopatikana, kwenye barabara zetu, bila ya chumba maalumu cha upepo. Usomwe wote kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu makosa mengi hufanyika kabla ya pedeli kukanyagwa.

## Vifaa vinavyohitajika

- Mita ya nguvu, yaani kifaa kinachosoma wati unazokanyaga. Ile ya pedeli ndiyo inayofaa zaidi kwa kundi, kwa kuwa hufunguliwa kwenye baiskeli moja ikafungwa kwenye nyingine kwa dakika chache, na watu watano wanaweza kuchangia moja. Asiye nayo kabisa asiondoke. Njia yake iko mwishoni.
- Kihisi kasi kinachofungwa kwenye gurudumu. Kasi ya setilaiti haitoshi. Kosa la asilimia 1 katika kasi huwa kosa la karibu asilimia 3 katika jibu.
- Kompyuta ya baiskeli iliyowekwa kurekodi kila sekunde. Nyingi huja zikiwa zimewekwa kuruka sekunde ili kuokoa nafasi, na mpangilio huo lazima ubadilishwe.
- Pampu yenye geji, mizani, tepu ya kupimia, chaki na gundi ya karatasi.
- Simu ya kupigia picha za video, na mtu wa kuishika au mahali pa kuiegemeza. Shina la mnazi linatosha.
- Kipimajoto, na taarifa ya kanieneo ya asubuhi hiyo kutoka uwanja wa ndege wa Unguja au wa Pemba. Sisi wa visiwani tumepata bahati hapa: barabara zetu ziko karibu na usawa wa bahari, hivyo kanieneo inayotangazwa haihitaji marekebisho makubwa.
- Vijiti vya udi. Sababu yake itaelezwa.

## Namba unayoitafuta

Kwenye barabara tambarare, nguvu zako huliwa na hewa unayoipasua na tairi zinazobonyea kwenye lami. Namba inayobeba sehemu ya hewa huandikwa CdA, nayo huchanganya ukubwa wa sura unayoionesha hewa na wepesi wa umbo hilo kupita ndani yake. Hupimwa kwa mita za mraba. Aliyekaa wima huwa karibu na 0.40, aliyeinama akashika sehemu ya chini ya usukani wa mashindano huwa karibu na 0.32, na aliyejikunja vizuri kwenye baiskeli ya mbio dhidi ya saa huweza kushuka hadi karibu na 0.23.

Takriban robo tatu ya ukinzani huo ni mwili wa mwendeshaji mwenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wauza magurudumu hawataupenda, ni kuanza kupima viwiko, mabega na kichwa, ambavyo havina bei.

## Hatua ya 1: Tafuta barabara

Unahitaji kipande kilichonyooka cha kilomita 1 na nusu hivi, chenye lami ya aina moja, kisicho na matuta, kisicho na njia panda, na chenye mahali salama pa kugeukia kila upande. Mwinuko mdogo hauna madhara, kwa sababu utakwenda na kurudi, na kilichokuchelewesha wakati wa kwenda kitakusaidia wakati wa kurudi.

Wengi huvutiwa na barabara inayopita Jozani kwa sababu miti huzuia upepo. Haifai. Matuta yaliyowekwa hapo kuwalinda kima punju yatakulazimisha ushike breki, na breki ikiguswa mara moja tu mzunguko huo umeharibika, kwa kuwa nishati iliyopotea kwenye breki itahesabiwa kama ukinzani wa hewa. Kwa Pemba, tatizo ni vilima na kona. Na wakati wa mavuno karafuu huanikwa kwenye majamvi hadi ukingoni mwa lami, hivyo mpanda baiskeli husukumwa kati ya barabara. Subiri msimu upite au tafuta njia nyingine.

Weka alama mbili za chaki, moja kila mwisho, mita 200 kabla ya mahali pa kugeukia. Data ya katikati ya alama hizo ndiyo utakayoitumia. Kugeuka na kuongeza kasi vyote vibaki nje.

Utajua umefanikiwa ukiweza kwenda na kurudi mara mbili bila ya kugusa breki kati ya alama.

## Hatua ya 2: Chagua saa, kisha upime upepo

Hapa ndipo madaftari mengi yanapokufa.

Watu hudhani kwamba upepo wa mbele wakati wa kwenda utafutwa na upepo wa nyuma wakati wa kurudi. Hautafutwa, kwa sababu ukinzani hukua kwa mraba wa kasi ya hewa inayokupiga. Chukua mwendeshaji wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, na upepo wa mita 2 kwa sekunde. Akienda, hewa humpiga kwa 12, na mraba wake ni 144. Akirudi, humpiga kwa 8, na mraba wake ni 64. Wastani ni 104, ilhali siku ya shwari ungekuwa 100. Upepo huo mdogo umeongeza asilimia 4. Upepo ukiwa mita 3 kwa sekunde, ongezeko ni asilimia 9. Tofauti kati ya helmeti nzuri na ya kawaida mara nyingi haifiki hata hiyo asilimia 4.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi hushika baada ya hapo hadi kuelekea Oktoba. Siku nyingi za shwari hupatikana katika maleleji, upepo unapogeuka, ingawa maleleji ya mwezi wa nne huja pamoja na mvua za masika. Katika msimu wowote ule, saa yetu ni baada ya sala ya alfajiri: anza pale mwanga unapotosha kuonekana na magari, maliza kabla ya saa 1 na nusu asubuhi. Jua likishaipasha ardhi, upepo wa baharini huingia, na kuanzia hapo unajisumbua.

Sasa vijiti vya udi. Washa kimoja, kichomeke kando ya barabara kwenye usawa wa bega, uondoke hatua tano na utazame. Moshi ukipanda kama uzi kabla ya kuvunjika, anza kazi. Moshi ukilala upande mmoja lakini majani ya mnazi hayatikisiki na wewe huhisi kitu usoni, upepo uko chini ya mita 1.6 kwa sekunde; unaweza kuendelea, lakini andika mwelekeo wake. Ukiuhisi usoni, rudi nyumbani ukanywe chai. Kipima upepo cha mkono ni bora zaidi, ila sijaona asubuhi ambayo udi ulinidanganya.

Mimi mwenyewe niliisifu helmeti moja kwa wiki mbili nzima, nikawashauri wenzangu wawili wainunue. Nilikuwa nimeipima saa 12 na robo asubuhi, na ile ya zamani nikaipima baada ya kusimama kunywa maji na kuzungumza, karibu saa 2. Nilipozirudia kwa mpangilio wa Hatua ya 6, tofauti ilitoweka. Wenzangu wale bado wananikumbusha bei.

## Hatua ya 3: Iandae baiskeli

Tia tairi upepo kwa geji, kiwango kile kile, baiskeli ikiwa imekwisha kukaa nje nusu saa. Tairi iliyojazwa ndani ya nyumba yenye kiyoyozi itapanda kanieneo ikifika nje.

Pima mzingo wa gurudumu ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Weka valvu chini kabisa, chora mstari wa chaki, songa hadi valvu irudi chini, chora tena, kisha pima kwa tepu. Tairi ya kawaida ya mashindano yenye upana wa milimita 25 huwa karibu na milimita 2,105. Kosa la sentimita 2 hapa ni ile asilimia 1 ya kasi niliyoitaja.

Jipime wewe, baiskeli, viatu na maji kwa pamoja. Usinywe maji ya chupa ya kwenye baiskeli kati ya mizunguko. Weka nyingine kando ya barabara.

Mwisho, iache mita ya nguvu izoee joto la nje kwa dakika 10, ndipo uisawazishe kwenye sifuri. Onyo: ukiisawazisha sebuleni kisha ukatoka, wati zitateleza polepole kadiri chuma kinavyobadilika joto, nawe utaona nafuu au hasara isiyokuwapo.

## Hatua ya 4: Ufunge mkao

Mwili haukumbuki mkao. Baada ya dakika sita shingo huchoka, kichwa huinuka kwa upana wa vidole viwili, na namba hupanda bila ya wewe kujua. Kwa hiyo mkao unahitaji ushahidi.

Bandika gundi ya karatasi kwenye usukani mahali kidole gumba kinapokaa, na nyingine kwenye tandiko kuonesha ukingo wa nyuma wa makalio. Chagua umbali wa kutazama, kwa mfano mita 15 mbele ya gurudumu, na ubaki nao. Egemeza simu katikati ya kipande cha barabara ili ikuchukue kwa ubavu kila unapopita. Baadaye simamisha picha na ulinganishe urefu wa kichwa dhidi ya mgongo. Mzunguko ambao kichwa kimeinuka ufutwe, hata kama namba yake inakufurahisha.

Nguo zinazopepea zina hukumu yake. Shati pana hutikisika kama tanga lililolegea, na halitikisiki sawasawa mara mbili, hivyo hukuongezea ukinzani na hukuharibia vipimo kwa wakati mmoja. Vaa jezi inayobana hata siku unayopima magurudumu.

Onyo: usipime mkao unaokuzuia kuona mbele. Barabara zetu zina mbuzi, watoto wa chuo na bodaboda wasiowasha taa. Awepo mtu wa pili wa kukupungia kitambaa gari likikaribia. Gari likikupita kwa karibu, mzunguko huo ufutwe pia, kwa kuwa hewa linayoiburuta hukuvuta.

## Hatua ya 5: Pima upimaji wako

Usibadilishe chochote. Kwenda na kurudi ni mzunguko mmoja. Fanya minne kwa kasi ya karibu kilomita 36 kwa saa, ukikanyaga kwa ulaini bila ya kuacha. Kasi ya chini haifai: kwa mwendeshaji wa mfano utakaoukuta Hatua ya 7, kwenye kilomita 20 kwa saa zaidi ya asilimia 40 ya nguvu huliwa na tairi, lakini kwenye 36 sehemu hiyo ni karibu asilimia 18 tu, na zinazobaki ni za hewa.

Ingia kwenye alama na utoke kwa kasi ile ile. Aliyeingia kwa mita 9.8 kwa sekunde akatoka kwa 10.2 ameweka akiba ya zaidi ya jouli 330 mwilini na kwenye baiskeli, na kwenye kipande cha sekunde 110 kati ya alama hizo ni wati 3 zinazosingiziwa hewa.

Kokotoa CdA ya kila mzunguko kama ilivyo kwenye Hatua ya 7. Namba nne zikikaa ndani ya asilimia 2, kwa mfano kati ya 0.317 na 0.323, uko tayari. Zikitawanyika kuliko hapo, hakuna kifaa kitakachopimika siku hiyo. Rudi kwenye upepo, kichwa na tairi, kwa mpangilio huo. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haitoi habari ya kusimulia, na ndiyo maana kila siku wana habari mpya.

## Hatua ya 6: Linganisha kwa mpangilio wa A, B, B, A

Tuseme A ni mkao wako wa kawaida na B ni viwiko vilivyokunjwa. Fanya mizunguko miwili ya A, miwili ya B, miwili tena ya B baada ya kushuka na kupanda upya, kisha miwili ya A. Joto na upepo hubadilika kwa mwelekeo mmoja kadiri asubuhi inavyosonga. Kwa kumaliza na A, utaona mabadiliko hayo yamekula kiasi gani. Ikiwa A ya mwisho inatofautiana na A ya mwanzo kuliko B inavyotofautiana nazo, kikao kizima kimeanguka.

Badilisha kitu kimoja tu. Helmeti mpya na jezi mpya kwa pamoja vitakupa namba moja isiyo na mwenyewe.

## Hatua ya 7: Fanya hesabu

Mfano wetu: uzito wa jumla kilo 84, kasi mita 10 kwa sekunde, wastani wa wati 235 kwenye pedeli.

Kwanza, mnyororo hula karibu asilimia 3. 235 × 0.97 ni wati 228 zinazofika kwenye gurudumu.

Pili, toa sehemu ya tairi. Kwa lami nzuri kadiria kigezo cha ukinzani wa tairi cha 0.005, ukizidishe kwa uzito, kwa 9.81 ya mvutano wa dunia na kwa kasi: 0.005 × 84 × 9.81 × 10 ni wati 41. Zinabaki 187. Usihangaike sana kama kigezo ni 0.005 au 0.0055, kikiwa kimoja kwa A na B, tofauti kati yao itabaki ya kuaminika.

Tatu, uzito wa hewa. Alfajiri yetu ya nyuzi 25, yenye unyevu mwingi na kanieneo ya karibu hektopaskali 1,014, hewa huwa na kilo 1.17 kwa mita ya ujazo. Mchana wa nyuzi 31 hushuka hadi karibu 1.15, yaani karibu asilimia 2 bila ya wewe kufanya lolote. Soma kipimajoto kila mzunguko.

Nne, gawanya: 187 ÷ (0.5 × 1.17 × 10 × 10 × 10), yaani 187 ÷ 585, ni 0.320. Hiyo ndiyo CdA.

Hesabu hii hutaka kasi iliyotulia. Barabara ikiwa na mawimbi, tumia njia ya Robert Chung, iliyomo ndani ya programu ya bure ya GoldenCheetah katika sehemu ya Aerolab. Programu huchukua wati na kasi zako, ikachora mwinuko ambao barabara ingepaswa kuwa nao ili namba hizo ziwe kweli. Kwa kuwa ulirudi ulipoanzia, mchoro nao lazima urudi kwenye usawa ule ule. Sogeza CdA hadi vilele vya mizunguko yote vilingane. Mzunguko mmoja ukiruka juu au ukishuka peke yake, tazama saa yake: aghlabu ndipo daladala lilipopita au ndipo ulipogusa breki.

## Hatua ya 8: Soma jibu kwa ubahili

Tofauti iliyo ndogo kuliko mtawanyiko wa Hatua ya 5 ichukuliwe kuwa sifuri. Iliyo kubwa irudiwe siku nyingine kabla ya kuiamini. Punguzo la kweli la 0.010 humpa mwendeshaji wetu karibu wati 6, na katika kilomita 40 kwa nguvu zile zile humwokolea takriban sekunde 40. Mkao unaokupa hizo sekunde 40 lakini huwezi kuuvumilia zaidi ya dakika 10 haukupi kitu, kwa hiyo uukalie saa nzima kwenye mazoezi ndipo uamue.

## Kwa asiye na mita ya nguvu

Hapa Pemba ina neema kuliko Unguja, kwa sababu kilima kinaweza kushika nafasi ya mita ya nguvu. Mvutano wa dunia haubadiliki kati ya jana na leo.

Tafuta mteremko ulionyooka wa karibu asilimia 3, wenye mita 600, unaoonekana wote kutoka juu na usio na nyumba wala njia panda chini. Simama kwenye alama, mwenzako ashike tandiko, akuachie bila ya kusukuma, nawe uteremke bila ya kukanyaga hadi alama ya chini, kisha usome kasi uliyofika. Mwendeshaji wa mfano wetu angefika karibu kilomita 36 kwa saa, na punguzo la ukinzani la asilimia 3 lingemwongezea chini kidogo ya nusu kilomita kwa saa. Ndiyo maana kihisi cha gurudumu ni lazima, na ndiyo maana uteremke angalau mara tano kwa kila hali, kwa mpangilio ule ule wa A, B, B, A.

Njia hii itakuambia B ni bora kuliko A au la. CdA yenyewe haitakupa. Uzito usibadilike hata kwa chupa moja. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ngoja hadi alama za tairi za magari zisionekane tena kwenye lami, kwa sababu tairi lako linalorusha maji hupoteza nguvu kwa namna ambayo hakuna hesabu ya humu inayoweza kuitenganisha na upepo.